Mwongozo kamili wa kuzipa fanksheni majina na kupanga maktaba katika Scheme

Scheme, lugha ya kuandikia programu, haimlazimishi mtu kutaja fanksheni zake kwa namna yoyote. Ukiandika fanksheni iitwayo `tupu?` ambayo inarudisha namba, au iitwayo `panga` ambayo inaharibu orodha uliyoipa, injini (programu inayoendesha msimbo wa Scheme) itaikubali na kuiendesha bila onyo lolote. Kwa sababu hiyo jukumu lote linabaki kwa mwandishi: msomaji wa msimbo wako hana aina za data zilizotangazwa mbele ya kila hoja (kitu ambacho fanksheni inapewa), wala hana chombo cha kumwambia ni kitu gani kitabadilika. Analo jina tu, pamoja na orodha ya majina ambayo maktaba yako imeamua kuyatoa nje. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyaandaa yote mawili, hatua kwa hatua, kwa kujenga maktaba ndogo inayosoma saa kwa hesabu ya Kiswahili.

Scheme ni tawi la Lisp, lugha iliyoasisiwa na John McCarthy mwaka 1958. Tawi hili lilianzishwa mwaka 1975 na Gerald Jay Sussman na Guy L. Steele katika chuo cha MIT, Marekani. Kiwango ninachokifuata hapa ni R7RS, toleo dogo lililokamilishwa mwaka 2013, kwa kuwa ndicho kinachotumika katika injini nyingi na kina mfumo wa maktaba ulio mwepesi kueleweka. Kiwango cha R5RS cha mwaka 1998 hakikuwa na maktaba kabisa, na kila injini ilijitungia utaratibu wake; ukikutana na msimbo wa zamani uliojaa `load`, amri ya kupakia faili zima, hiyo ndiyo sababu.

Hatua ya 1: Andaa injini na folda

Nitatumia Chibi-Scheme, ambayo ni ndogo, imeandikwa kwa lugha ya C, na hujengwa kutoka kwenye msimbo wake kwa amri ya `make` ikifuatiwa na `sudo make install`. Ikishawekwa haihitaji intaneti. Gauche, Guile na Chicken nazo zinaelewa R7RS, ingawa kila moja ina njia yake ya kutafuta faili.

Tengeneza folda ya mradi, na ndani yake folda nyingine iitwayo `saa`. Maktaba yetu itaitwa `(saa msingi)`, nayo Chibi itaitafuta katika faili `saa/msingi.sld`. Kiwango chenyewe hakisemi jina la maktaba ligeuzweje kuwa njia ya faili, lakini utaratibu huu wa kila neno kuwa folda na neno la mwisho kuwa faili ndio uliozoeleka. Ndiyo maana pia R7RS inashauri kuepuka alama kama `?`, `*`, `<`, `:` na `/` katika majina ya maktaba, ingawa zinaruhusiwa katika majina ya fanksheni: mifumo ya faili ya kompyuta nyingine haizipokei.

Hatua ya 2: Tenga maneno kwa kistari, na uanze na aina ya kitu

Katika Lisp, kutoa huandikwa `(- a b)`, na kitendo hutangulia daima. Kwa hiyo `a-b` haiwezi kumaanisha kutoa. Ni jina moja. Hapo ndipo ulipoanzia uhuru wa kutumia kistari, alama ya kuuliza, alama ya mshangao na mshale ndani ya majina, uhuru ambao lugha nyingi hazina. Andika majina yako kwa herufi ndogo na utenge maneno kwa kistari: `saa-ongeza`, si `saaOngeza`. Zamani herufi kubwa na ndogo zilihesabiwa kuwa kitu kimoja katika Scheme, na hata leo, wakati R7RS inazitofautisha, jina linalotegemea herufi kubwa katikati linaonekana geni kwa msomaji wa Lisp.

Mpangilio wa maneno una uzito kuliko inavyodhaniwa. Maktaba za kiwango huanza na aina ya kitu, kisha hutaja kitendo: `string-length`, `string-append`, `vector-ref`, `vector-fill!`, `char-upcase`. Faida yake huonekana pale unapokuwa na maktaba tatu au nne katika programu moja. Jina `ongeza` peke yake litagombana na `ongeza` ya maktaba nyingine, ilhali `saa-ongeza` inajitambulisha, na ukiandika `saa-` katika kihariri chako utaletewa fanksheni zote za saa kwa pamoja.

Zipo fanksheni za orodha zinazokiuka utaratibu huu, kama `length`, `append` na `reverse`, ambazo hazina `list-` mbele yake. Orodha ilikuwa kitu kikuu cha Lisp tangu mwanzo, na majina hayo yalishachukuliwa kabla ya aina nyingine za data kudai nafasi. Usiyachukue kama kigezo cha majina yako mapya.

Hatua ya 3: Tumia alama ya kuuliza kwa kweli na si kweli pekee

R7RS inasema wazi kwamba alama `?` mwishoni mwa jina huwekwa kwa fanksheni ambayo daima inarudisha `#t` (kweli) au `#f` (si kweli). Neno la kushikilia hapo ni daima. Katika Scheme kila kitu kisichokuwa `#f` huhesabiwa kuwa kweli ndani ya `if`, hata namba 0 na orodha tupu, kwa hiyo ni rahisi mno kuandika fanksheni inayorudisha kitu chenye manufaa pale inapofanikiwa, kisha ukaipachika alama ya kuuliza kwa kuwa inafanya kazi vizuri ndani ya `if`.

Waandishi wa kiwango waliepuka jambo hilo kwa uangalifu. Fanksheni `member` haina alama ya kuuliza, ingawa wengi huitumia kama swali:

```
(member 3 '(1 2 3 4))  ; inarudisha (3 4)
(digit-value #\7)  ; inarudisha 7
(digit-value #\k)  ; inarudisha #f
```

`member` inakurudishia sehemu ya orodha kuanzia pale kitu kilipopatikana, na `digit-value` inakurudishia namba yenyewe. Maktaba ya orodha iitwayo SRFI 1 (SRFI ni mapendekezo ya nyongeza yaliyo nje ya kiwango), aliyoiandaa Olin Shivers na kukamilika mwaka 1999, inafuata msimamo huohuo kwa `any` na `every`, na maelezo yake yanataja bayana kwamba majina hayo yamenyimwa alama ya kuuliza kwa sababu jibu lake laweza kuwa thamani yoyote. Nadhani huu ndio mfano bora zaidi wa nidhamu ya majina katika Scheme nzima: kutokuwepo kwa alama moja kunakueleza kwamba jibu lina taarifa zaidi na unaweza kulitumia.

Vilinganishi vya aina maalumu navyo huchukua alama hiyo baada ya ishara ya kulinganisha: `string=?`, `string<?`, `char<?`. Vya namba, yaani `=`, `<` na wenzake, vimebaki vitupu. Kwa maktaba yetu tutakuwa na `saa?` ya kuuliza kama kitu ni saa, pamoja na `saa=?` na `saa<?` za kulinganisha saa mbili.

Swali liandikwe kwa hali ya kukubali. `saa-sahihi?` inasomeka vizuri hata ikikanushwa kwa `not`, ilhali `saa-si-sahihi?` ikikanushwa humlazimu msomaji kusimama na kufikiri mara mbili.

Hatua ya 4: Alama ya mshangao ni onyo kwa mwitaji

Alama `!` mwishoni mwa jina inamaanisha kwamba fanksheni inabadili kitu ambacho tayari kipo: `vector-set!`, `string-fill!`, `set-car!`. Haimaanishi kwamba fanksheni ina athari yoyote ile. `display` na `newline` huandika kwenye skrini, na `open-output-file` yaweza kuunda faili jipya kwenye diski, lakini hakuna hata moja yenye alama ya mshangao, kwa kuwa hazigusi data uliyonayo mkononi. Wanaoanza huitawanya alama hii kila mahali penye athari, na matokeo yake inapoteza maana pale inapohitajika kweli.

Ukiwa na fanksheni mbili za kazi moja, ile safi inachukua jina tupu na ile inayobadili inachukua alama. Katika maktaba yetu, `saa-ongeza` itarudisha saa mpya, na `saa-ongeza!` itaisogeza saa ileile. Kwa R7RS, thamani inayorudishwa na fanksheni ya kubadili haikubainishwa, kwa hiyo mwitaji asiitegemee.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia sana. SRFI 1 ina `reverse!`, `append!` na `filter!`, na hizi zinaruhusiwa kutumia tena sehemu za orodha uliyozipa, lakini hazilazimiki kufanya hivyo. Maana yake ni kwamba ukiandika `(reverse! x)` na kuachia hapo, `x` inaweza kubaki ikielekeza kwenye kipande cha mwisho tu cha orodha. Njia sahihi ni kuchukua jibu:

```
(set! x (reverse! x))
```

Orodha iliyoandikwa moja kwa moja katika programu kwa nukuu, kama `'(1 2 3)`, haifai kupewa fanksheni hizi hata kidogo, kwa kuwa kiwango kinahesabu kubadili data ya namna hiyo kuwa kosa. Iunde kwa `(list 1 2 3)` kwanza.

Hatua ya 5: Mshale kwa ubadilishaji wa aina

Fanksheni inayochukua kitu cha aina moja na kurudisha kinacholingana nacho cha aina nyingine huandikwa kwa mshale: `list->vector`, `string->number`, `char->integer`. Upande wa kushoto uwe aina inayopokelewa kweli, na upande wa kulia aina inayotoka kweli.

Kiwango chenyewe kiliwahi kujirekebisha katika jambo hili. R5RS ilikuwa na `exact->inexact` na `inexact->exact`, lakini kila moja ilikubali namba za aina zote mbili, kwa hiyo upande wa kushoto wa mshale ulikuwa unadai kisichokuwepo. R6RS ya mwaka 2007 ilizipa majina `inexact` na `exact`, na R7RS ikayachukua kwa maelezo kwamba ni mafupi na sahihi zaidi. Majina ya zamani yamehifadhiwa katika maktaba ya `(scheme r5rs)`.

Hatua ya 6: Viambishi vingine vilivyozoeleka

Vifuatavyo havimo katika kanuni tatu za kiwango, ila utavikuta kila mahali. `make-` huanza jina la fanksheni inayounda kitu kipya, kama `make-vector`. Nyota mwishoni huonyesha ndugu wa karibu mwenye tofauti kidogo, kama `let*`, ambayo huruhusu kila jina kutumia lile lililotangulia. Alama ya asilimia mwanzoni, kama `%unda-saa`, huashiria jambo la ndani ya maktaba. Jina la aina ya rekodi (kitu chenye sehemu zilizopewa majina) huwekwa kati ya mabano ya pembe, `<saa>`.

Jozi inayofaa kukaziwa macho ni `call-with-` na `with-`. `call-with-output-file` inafungua faili na kukukabidhi mlango wake (port, njia ya kuandikia faili) kama hoja ya fanksheni yako. `with-output-to-file` inaita fanksheni isiyo na hoja na kuelekeza maandishi yote ya kawaida kwenye faili hilo. Ukiandika fanksheni yako inayokopesha rasilimali kwa muda, chagua kiambishi kulingana na kama unaikabidhi au unaibadili katika mazingira.

Ukihamia Common Lisp, tawi lingine la Lisp, utakuta swali linaonyeshwa kwa herufi p: `numberp`, `evenp`, na `upper-case-p` pale ambapo jina tayari lina kistari. Vibadilifu vya jumla huzungukwa na nyota, kama `*standard-output*`. Katika Emacs Lisp, ambako hakuna mfumo wa maktaba unaotenga majina, kila jina hubeba jina la kifurushi mbele, na vistari viwili huonyesha mambo ya ndani. Usichanganye desturi hizi ndani ya faili moja la Scheme.

Hatua ya 7: Amua lugha ya majina, na jihadhari na ng'

Maktaba utakayoitoa kwa watu wa dunia nzima iandike kwa Kiingereza. Maktaba ya ofisini kwenu au ya darasani, inayohusu mambo ambayo watumiaji wake huyataja kwa Kiswahili, iandike kwa Kiswahili bila kusitasita. Saa yetu ni mfano mzuri, kwa kuwa saa moja asubuhi haina jina lingine lililo wazi zaidi. Alama za `?`, `!` na `->` zinabaki vilevile katika lugha yoyote. Majina ya aina za data za Scheme nayo yaache yalivyo: `saa->string` inamwambia msomaji kwamba jibu ni `string` ileile anayoijua, jambo ambalo `saa->maandishi` ingeliacha katika shaka. Nje ya hapo, usichanganye lugha mbili katika jina moja. Ukichagua `unda-saa`, basi usiwe na `make-ratiba` katika maktaba hiyohiyo.

Herufi za Kiswahili zote zinakubalika katika majina, isipokuwa kitone cha juu (') cha ng'. Alama hiyo katika Lisp ni nukuu. Mtu anayeandika programu ya mifugo akaita fanksheni `ng'ombe-idadi`, ameandika jina lisilo halali katika Scheme, na katika Common Lisp litakatwa vipande viwili, `ng` na kilichonukuliwa baada yake. R7RS inaruhusu kulizungushia jina mistari wima, `|ng'ombe-idadi|`, lakini mistari hiyo itakufuata kila unapoliita. Andika `ngombe-idadi` na uweke tahajia kamili katika maandishi yanayoonekana kwa mtumiaji.

Hatua ya 8: Andika maktaba

Anza na orodha ya majina yanayotoka nje, kabla ya kuandika fanksheni hata moja. Faili `saa/msingi.sld` liwe hivi:

```
(define-library (saa msingi)
  (export unda-saa saa?
          saa-namba saa-dakika saa-kipindi
          saa=? saa<?
          saa-ongeza saa-ongeza!
          saa->string)
  (import (scheme base))
  (include "msingi.scm"))
```

Mtu akisoma mistari hii anajua karibu kila kitu: kuna kitu kiitwacho saa, kinaundwa, kinaulizwa, kinasomwa kwa njia tatu, kinalinganishwa, kinaongezwa kwa namna mbili, na kinageuzwa kuwa maandishi. Kama orodha yako haisomeki hivyo, rekebisha majina sasa, wakati hakuna msimbo unaoyategemea.

Kisha faili `saa/msingi.scm`:

```
(define-record-type <saa>
  (%unda-saa jumla)
  saa?
  (jumla %saa-jumla %saa-jumla-weka!))

(define (unda-saa saa-24 dakika)
  (unless (and (exact-integer? saa-24) (<= 0 saa-24 23)
               (exact-integer? dakika) (<= 0 dakika 59))
    (error "unda-saa: muda haukubaliki" saa-24 dakika))
  (%unda-saa (+ (* 60 saa-24) dakika)))

(define (saa-namba s)
  (let ((n (modulo (- (quotient (%saa-jumla s) 60) 6) 12)))
    (if (zero? n) 12 n)))

(define (saa-dakika s)
  (modulo (%saa-jumla s) 60))

(define (saa-kipindi s)
  (let ((j (%saa-jumla s)))
    (cond ((< j 240) "usiku")
          ((< j 360) "alfajiri")
          ((< j 720) "asubuhi")
          ((< j 960) "mchana")
          ((< j 1140) "jioni")
          (else "usiku"))))

(define (saa=? a b) (= (%saa-jumla a) (%saa-jumla b)))
(define (saa<? a b) (< (%saa-jumla a) (%saa-jumla b)))

(define (saa-ongeza s dakika)
  (%unda-saa (modulo (+ (%saa-jumla s) dakika) 1440)))

(define (saa-ongeza! s dakika)
  (%saa-jumla-weka! s (modulo (+ (%saa-jumla s) dakika) 1440)))

(define (saa->string s)
  (string-append "saa " (number->string (saa-namba s))
                 " na dakika " (number->string (saa-dakika s))
                 " " (saa-kipindi s)))
```

Ndani ya rekodi tunahifadhi dakika zilizopita tangu saa sita usiku, kuanzia 0 hadi 1439. Namba ya saa ya Kiswahili hupatikana kwa kutoa 6 kwenye saa ya mfumo wa 24 na kuchukua baki la 12. Saa 7:00 inakuwa 1, na pale baki likiwa 0 tunasoma 12. Mipaka ya vipindi nimeichagua kwa mazoea, na wasemaji hutofautiana kidogo, hasa kati ya jioni na usiku. Hiyo ndiyo sababu `saa-kipindi` imesimama peke yake badala ya kufichwa ndani ya `saa->string`: anayetaka mipaka mingine abadili sehemu moja.

Tazama majina matatu yenye `%`. Hayamo katika orodha ya kutoa nje, kwa hiyo programu nyingine haziwezi kuyafikia hata zikiyajua. Alama ya asilimia haiongezi ulinzi wowote kwa mashine. Inamsaidia anayesoma faili la ndani kutambua kwamba `%unda-saa` haikagui hoja zake, na kwamba aliyeiita lazima awe ameshazihakikisha mwenyewe. Kwa kuwa `%saa-jumla` imefichwa, kesho unaweza kuamua kuhifadhi sekunde badala ya dakika bila kuvunja programu ya mtu.

Hoja nazo zina utaratibu. Kitu chenyewe hutangulia, kama katika `(vector-ref v 0)` na `(saa-ongeza s 60)`. Fanksheni inayopokea fanksheni nyingine huiweka hiyo mbele, kama `(filter even? orodha)`. Katika kunakili, mahali panapopokea hutangulia: `(vector-copy! kwenda 0 kutoka)`.

Hatua ya 9: Ingiza kwa kuchagua

Faili `jaribio.scm` likae nje ya folda ya `saa`:

```
(import (scheme base)
        (scheme write)
        (saa msingi))

(define s (unda-saa 7 15))
(display (saa->string s))
(newline)
(display (saa->string (saa-ongeza s 60)))
(newline)
```

Liendeshe kwa `chibi-scheme -I . jaribio.scm`, ambapo `-I .` inaiambia injini itafute maktaba katika folda uliyopo. Utaona "saa 1 na dakika 15 asubuhi", kisha "saa 2 na dakika 15 asubuhi". Ukisahau `(scheme write)`, `display` haitajulikana: R7RS imegawa kiwango katika maktaba 16, na `(scheme base)` haina kila kitu. Fanksheni za herufi kama `char-upcase` zimo katika `(scheme char)`, za faili katika `(scheme file)`.

Majina yanapogongana, kuna njia nne za kuchuja: `only` huchukua yaliyotajwa, `except` huacha yaliyotajwa, `rename` hubadili moja moja, na `prefix` huyaongezea yote kiambishi. Mimi hupendelea `only` kwa maktaba kubwa, kwa kuwa humwonyesha msomaji kila jina limetoka wapi:

```
(import (scheme base)
        (only (srfi 1) filter fold delete-duplicates)
        (prefix (srfi 43) v:))
```

Mstari wa mwisho una sababu ya pekee. SRFI 43, maktaba ya zamani ya vekta, ina `vector-map` ambayo huipa fanksheni yako namba ya nafasi kwanza, kisha thamani. `vector-map` ya `(scheme base)` huipa thamani peke yake. Jina ni lilelile, tabia ni tofauti, na kuingiza yote mawili kwa jina moja ni kosa kwa mujibu wa kiwango, ingawa si kila injini itakuambia. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, tumia SRFI 133 ya John Cowan, iliyoandaliwa ili ioane na R7RS. Tahadhari hiyohiyo inahusu `string-map` ya SRFI 13, ambayo baada ya maandishi hupokea mwanzo na mwisho wa kipande, wakati ile ya kiwango hupokea maandishi mengine.

Maktaba za watu wengine utazipata kupitia amri `snow-chibi` kwa Chibi na `chicken-install` kwa Chicken. Kabla ya kuitegemea maktaba yoyote, fungua faili lake la ufafanuzi na usome orodha ya `export`.

Hatua ya 10: Jaribu majina yenyewe

Chibi inakuja na `(chibi test)`. Andika majaribio yanayothibitisha kile ambacho kila alama inadai:

```
(import (scheme base) (chibi test) (saa msingi))

(test-begin "saa")
(test #t (saa? (unda-saa 0 0)))
(test #f (saa? 5))
(test "saa 6 na dakika 0 usiku" (saa->string (unda-saa 0 0)))
(test "saa 12 na dakika 30 jioni" (saa->string (unda-saa 18 30)))
(let ((s (unda-saa 23 50)))
  (saa-ongeza s 20)
  (test #t (saa=? s (unda-saa 23 50)))
  (saa-ongeza! s 20)
  (test #t (saa=? s (unda-saa 0 10))))
(test-error (unda-saa 24 0))
(test-end)
```

Kwa kulinganisha na `#t` na `#f` moja kwa moja, jaribio litashindwa endapo siku moja mtu ataifanya `saa?` irudishe kitu kingine kinachopita kama kweli. Kifungu cha `let` kinahakikisha kwamba fanksheni isiyo na mshangao haikugusa saa ya awali, kisha kwamba yenye mshangao imeigusa, hata inapovuka saa sita usiku.

Hatua ya 11: Badili jina bila kuvunja programu

Majina mengine utayajutia baada ya watu kuyazoea. Tuseme umeona kwamba `saa-ongeza` ingefaa kuitwa `saa-sogeza`, kwa kuwa inapokea pia dakika hasi. Badili ndani ya `msingi.scm`, kisha katika orodha ya kutoa nje uache jina la zamani likielekea kwenye fanksheni ileile:

```
(export saa-sogeza
        (rename saa-sogeza saa-ongeza))
```

Fanya vivyo hivyo kwa `saa-ongeza!`, kwa kuwa jozi ikibadilika upande mmoja tu, msomaji atadhani ni kazi mbili tofauti. Katika maelezo ya maktaba andika jina jipya pekee, na katika majaribio weka mstari mmoja unaohakikisha la zamani bado linaitika.

Badiliko likiwa ni la tabia na si la jina, kwa mfano `unda-saa` ianze kupokea sekunde, usiliache jina lilelile ndani ya maktaba ileile. R7RS inaruhusu namba nzima katika majina ya maktaba, kama inavyoonekana katika `(srfi 1)`, kwa hiyo unda `(saa msingi 2)` katika faili `saa/msingi/2.sld`. Programu zinazoingiza `(saa msingi)` zitaendelea kupata fanksheni za zamani, na kila mwenye programu atahamia toleo la pili kwa kubadili mstari mmoja wa `import`, kwa wakati wake.